SITAHA YA JAHAZI: OSHA, KAUSHA, NDIPO UPAKE MAFUTA

Nenda pwani ya Kilwa, Pangani, Nungwi au Lamu wakati maji yamekupwa. Utaona vyombo vimelala mchangani, vimetiwa gadi visianguke. Chini yake kuna watu wanafanya kazi. Mmoja anakwangua magamba na majani ya baharini. Mwingine anapitisha moto wa makuti makavu. Mwingine anapaka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu. Kazi hiyo hakuna anayeibishia. Chombo kisichopakwa deheni huliwa na mdudu wa baharini anayetoboa mbao. Wengi humwita funza, lakini kwa kweli yeye ni jamaa ya chaza.

Sasa panda juu ya chombo hicho hicho. Tazama sitaha. Sitaha ni ile sakafu ya mbao ya juu, ambayo mabaharia husimama na mizigo hupita. Majahazi mengi hayana sitaha nzima. Yana sitaha ndogo ya omo na nyingine ya tezi, na katikati ni wazi. Mara nyingi utakuta mbao zake zimekuwa za kijivu. Zina nyufa. Kwenye pembe kuna weusi, na ukibonyeza kwa kidole ubao unabonyea kama muhogo uliochemshwa.

Mwenye chombo anasema, "Hii ni ya juu tu, haiwezi kutuzamisha." Hayo si kweli. Kuli mwenye gunia la kilo 50 begani akikanyaga ubao uliooza, mguu wake unazama hadi gotini na mzigo unamwangukia. Mvua ikinyesha, maji yanapita katika nyufa na kuingia kwenye shehena. Mfuko wa saruji uliolowa huganda ukawa jiwe, na mwenye mali hukudai wewe. Na usiku baharini, upepo unapogeuka ghafla, baharia hukimbilia kamba ya tanga. Hana nafasi ya kuchagua ubao wa kukanyaga.

MVUA NI MBAYA KULIKO CHUMVI

Watu wengi hudhani kwamba maji ya chumvi ndiyo yanayoozesha sitaha. Mabaharia wa zamani walijua kwamba sivyo. Asubuhi na jioni walichota maji ya bahari kwa ndoo wakaimwagia sitaha. Mgeni aliyewaona alifikiri wanacheza.

Walikuwa na sababu mbili nzuri. Ya kwanza ni hii. Ubao ukikauka sana kwa jua hujikunja na kupungua upana, na nafasi kati ya ubao na ubao hufunguka. Ukilowa kidogo hutanuka na kuziba nafasi hizo. Ya pili ni kwamba uozo wa mbao huletwa na kuvu. Kuvu ni kiumbe hai, jamaa ya uyoga. Mbegu zake ni ndogo mno, huruka na upepo, na ziko kila mahali. Kuvu hula ubao. Ili aishi anahitaji hewa na maji. Ubao mkavu hawezi kuula. Ni mpaka maji yaliyomo ndani ya ubao yafike kama sehemu 20 katika kila sehemu 100 za uzito wa ubao mkavu, au zaidi, ndipo anapopata nafasi. Lakini maji yenye chumvi hayampendezi. Katika lita 1 ya maji ya bahari kuna gramu 35 hivi za chumvi, na chumvi hiyo humzuia.

Maji ya mvua hayana chumvi. Yakituama kwenye pembe ya sitaha, au chini ya mkeka uliosahauliwa, au penye tundu la msumari, kuvu hupata chakula na kinywaji mahali pamoja. Ndiyo maana vyombo vingi vya mbao huanza kuoza kutoka juu, si kutoka chini kwenye maji ya bahari.

Jua nalo lina kazi yake. Mwanga wa jua huvunja kile kitu kinachoshikamanisha nyuzi za mti. Nyuzi za juu hulegea na kuwa kijivu, kisha mvua huziosha. Ule ukijivu ni ngozi iliyokufa. Si nene. Chini yake ubao unaweza kuwa mzima kabisa.

Hapo ndipo mafuta yanapohitajika. Mafuta huingia katika vitundu vya ubao. Hayazuii maji kabisa, lakini huyachelewesha. Mvua ya saa moja hainywewi yote, na jua la mchana halikaushi ubao kwa ghafla. Ubao hautanuki na kupungua kila siku, kwa hiyo haupasuki upesi.

KUFAGIA SI KUOSHA

Mazungumzo kama haya huweza kusikika pwani siku yoyote, kati ya fundi mzee na kijana aliyekabidhiwa chombo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hicho kibuyu kina nini?"

"Sifa, babu. Leo napaka sitaha."

"Umeiosha?"

"Nimeifagia vizuri."

"Kufagia si kuosha. Hebu mwagia maji kidogo hapo penye weusi. Unaona yanavyoteleza? Huo ni ukungu na mafuta ya mwaka juzi. Ukipaka sifa juu yake, unampikia kuvu na kumfunika asipigwe na upepo."

"Basi niioshe sasa hivi nipake jioni?"

"Na maji yaliyoingia ndani ya ubao yatatoka wapi? Osha leo. Upake siku ya nne, kama mvua haikunyesha."

Mzee huyo ana haki. Katika kazi hii kupaka mafuta ndiyo sehemu nyepesi. Kazi kubwa iko kabla yake.

Kwanza ondoa kila kitu juu ya sitaha: mikeka, kamba, jiko, nanga, mitungi. Chini ya vitu hivyo ndipo penye unyevu. Kisha chukua kisu chenye ncha au msumari. Jaribu kila ubao, hasa kwenye ncha zake, penye misumari, na pale sitaha inapokutana na mbavu za chombo. Ncha ikiingia kwa shida, ubao ni mzima. Ikizama kama katika mkate, ubao umeoza. Ubao huo usiuoshe wala usiupake. Mwite fundi aukate mpaka afike penye ubao mzima, atie mwingine. Mafuta hayafufui ubao uliooza. Yanauficha tu, na huo ndio ubaya wake, kwa sababu mtu anaukanyaga akidhani ni mzima.

Sasa osha. Huna haja ya dawa za ghali. Maji ya majivu ni makali ya kutosha kuondoa mafuta ya zamani na uchafu wa samaki. Tia majivu ya kuni katika ndoo ya maji, koroga, acha yatulie usiku mmoja, kisha chota maji ya juu yaliyo safi. Maji haya huchubua mikono, basi yashike kwa uangalifu na usiyaache yaingie machoni. Sabuni ya kipande nayo inafaa. Sugua kwa kumbi la nazi au brashi ngumu ya nyuzi. Fuata urefu wa ubao, usisugue kwa kukata nyuzi zake.

Brashi ya waya wa chuma usiitumie. Vipande vidogo vya waya hukatika na kubaki ndani ya mbao. Baada ya siku chache hushika kutu, na sitaha hupata madoa meusi ambayo hayatoki kwa sabuni. Kama madoa ya kutu yako tayari kandokando ya misumari, yapake maji ya ndimu au limau, acha kidogo, sugua, kisha suuza. Hayatatoka yote, lakini yatapungua.

Mwisho wa kuosha ni kusuuza kwa maji baridi, yaani maji ya kisima au ya mvua. Hapa msomaji anaweza kuuliza, "Mbona umesema maji ya bahari ndiyo mazuri?" Ni mazuri kwa kumwagia sitaha siku zote za kazi. Lakini siku ya kupaka mafuta, chumvi iliyoganda juu ya ubao huvuta unyevu kutoka hewani, na mafuta hayawezi kuingia. Kwa hiyo suuza mpaka majivu na chumvi vitoke.

Kisha acha sitaha ikauke. Wakati wa jua na upepo, siku 3 zinaweza kutosha. Kukiwa na mawingu, ngoja zaidi. Ikikauka, sugua ile ngozi ya kijivu kwa msasa wa dukani. Mahali pasipo na duka, majani ya mti wa msasa hufanya kazi hiyo, na mafundi wameyatumia tangu zamani. Usisugue mpaka ubao ung'ae kama meza. Sitaha inayoteleza ni hatari, na ubao laini mno haunywi mafuta vizuri.

Kama pamba ya kalafati imetoka kati ya mbao, huu ndio wakati wa kuirudisha. Toa pamba ya zamani iliyooza. Lowesha mpya kwa mafuta, ipigilie kwa patasi butu. Usiibane kupita kiasi, kwa maana mbao zikilowa zitatanuka na zitahitaji nafasi.

MAFUTA GANI?

Mafuta ya asili ya kazi hii pwani yetu ni sifa, yaani mafuta ya maini ya papa. Vyombo vya Oman na nchi za Ghuba vilivyokuja kwa upepo wa kaskazi na kurudi kwa kusi vilipakwa mafuta ya samaki kama yetu. Sifa huingia sana ndani ya ubao. Harufu yake ni kali, na abiria mgeni huziba pua tangu gatini hadi kisiwani. Harufu hupungua baada ya siku kadhaa. Shida iliyopo leo ni nyingine. Papa wamepungua sana baharini kwa kuvuliwa kupita kiasi, na papa huzaa watoto wachache. Kumwua papa kwa ajili ya mafuta ya sitaha tu si jambo la busara, na aina fulani za papa zinalindwa. Kama mvuvi anayo sifa, itumie. Kama hana, yako mengine.

Mafuta ya kitani huuzwa katika maduka ya rangi. Yale yaliyoandikwa kwamba yamechemshwa hukauka upesi kuliko mabichi. Faida yake ni kwamba hukauka ndani ya ubao na kubaki humo. Hasara yake ni kwamba ukungu huyapenda, hasa mahali pasipo na hewa. Kwa hiyo sitaha iliyopakwa kitani inataka kuoshwa mara kwa mara.

Katika pwani ya magharibi ya India, wavuvi hupaka mashua zao mafuta ya maganda ya korosho. Kwetu korosho si kitu kigeni. Mafuta hayo ni meusi, na wadudu hawayapendi. Lakini kila aliyebangua korosho kwa mkono anajua yanavyounguza ngozi. Anayeyatumia avae glavu, afunike mikono na miguu, na watoto wasiwe karibu. Sitaha ambayo watu hukaa na kulala juu yake mimi nisingeipaka mafuta hayo.

Mafuta ya nazi ni mazuri kwa chakula na kwa nywele. Yanafaa kulowesha pamba ya kalafati. Lakini juu ya sitaha hayakauki. Hunata, hukusanya vumbi, na huvunda.

Liko jambo ambalo limeenea na linafaa kuachwa. Watu wengi hupaka oili chafu iliyotolewa katika injini za magari, kwa sababu ni ya bure au ya bei ndogo. Oili hiyo haikauki. Sitaha yake huteleza siku ya mvua. Ina mabaki ya madini na sumu zinazoweza kuleta saratani, na mabaharia wanakaa hapo bila viatu, wanalala hapo, wanapakua samaki hapo. Mvua ikinyesha inaoshwa na kwenda baharini, kwenye maji yale yale tunayovulia. Ni bure dukani tu.

KUPAKA

Pima sitaha yako kabla ya kununua mafuta. Zidisha urefu kwa upana. Sitaha ya tezi yenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 3 ni mita za mraba 12. Kwa kawaida lita 1 ya mafuta hupaka mita za mraba 6 hadi 10 kwa mkono wa kwanza. Ubao mzee na mkavu hunywa zaidi. Basi kwa sitaha hiyo uwe na lita 2 kwa mkono wa kwanza, na lita 1 kwa mkono wa pili. Mkono wa pili hunywa kidogo.

Usipake saa 6 mchana jua likiwa kichwani. Ubao wa moto una hewa iliyotanuka ndani, na hewa hiyo husukuma mafuta nje. Paka alasiri, kama saa 9, sitaha inapoanza kupoa. Ubao unapopoa hunyonya. Usichelewe pia hadi magharibi, umande ukakukuta.

Paka kidogo kidogo kwa brashi au kitambaa, ukifuata urefu wa ubao. Anza na ncha za mbao, pale msumeno ulipokata. Ncha hunywa maji kuliko mahali pengine, kwa sababu vitundu vya mti vimefunguka pale kama mianzi iliyokatwa. Zipake mara 2 au 3 mpaka zikinai. Anzia omo kuelekea mahali utakaposhukia, usije ukajifungia katikati ya sitaha mbichi.

Ngoja robo saa au nusu saa. Kisha pitia sitaha yote kwa kitambaa kikavu, ufute mafuta yote yaliyobaki juu. Watu wengi huacha hatua hii. Wanaona ni hasara kufuta mafuta waliyoyanunua. Lakini mafuta yaliyobaki juu hayahifadhi kitu. Huwa ulimbo, hunata miguuni, na hushika uchafu. Mafuta yanayofaa ni yale yaliyozama. Siku ya pili au ya tatu, ikiwa imekauka, paka mkono wa pili mwembamba na ufute tena.

MATAMBARA YANAWEZA KUWASHA MOTO

Jambo hili si hadithi. Matambara yaliyotumika kupaka mafuta ya kitani au mafuta ya samaki yanaweza kuwaka yenyewe, bila kiberiti. Mafuta hayo yanapokauka hushikana na hewa, na katika kushikana huko hutoa joto. Tambara likitandazwa, joto huenda na upepo. Likikunjwa au kurundikwa pembeni na mengine, joto hubaki ndani na kuongezeka mpaka moto ushike. Inaweza kutokea saa kadhaa baadaye, usiku, watu wamelala. Katika chombo cha mbao chenye kamba na tanga, au katika banda la makuti la fundi, moto huo hauna mzaha.

Kwa hiyo kila tambara lianike peke yake juu ya ua au kamba, mahali wazi, mpaka likauke na kuwa gumu. Au yatumbukize yote katika ndoo ya maji mpaka uyazike. Usiyatupe chini ya sitaha wala ngamani.

WAKATI WA KAZI

Wakati mzuri ni Januari na Februari, jua la kaskazi likiwa kali na masika bado. Sitaha itaikuta mvua ya Machi ikiwa imeshiba. Kazi ikishindikana wakati huo, ngoja masika iishe, uifanye kati ya Juni na Septemba. Pandisha chombo pwani siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, ili kipate kukaa mahali pakavu siku za kutosha. Waliochanga kununua chombo pamoja hufanya vizuri wakipanga siku hizo mapema. Hizo ni siku kama 7 bila safari, na bila safari hakuna nauli wala samaki. Bora hasara hiyo ijulikane na wote tangu mwanzo kuliko kugombana chombo kikiwa juu ya gadi.

Baada ya hapo, kila mwezi mwagia tone la maji juu ya ubao wa sitaha mkavu. Tone likikaa juu kama ushanga, mafuta bado yapo. Likitandaa na kunywewa mara moja, ubao una kiu. Jaribu omo, jaribu tezi, na jaribu pale penye kivuli cha tanga, kwani sehemu hazichakai sawasawa. Pengine utakuta ni mbao 3 au 4 tu za mahali makuli wanapopita ndizo zinazohitaji kuoshwa na kupakwa, na hiyo ni kazi ya siku chache chombo kikiwa bado gatini.